Nimepewa watoto 14 wa ziara, na lugha yao siijui

Walimu wa safu hii, salaam.

Nafundisha Kiingereza ugenini, katika shule ya msingi ya serikali, na huu ni mwezi wangu wa saba. Darasani mambo yanakwenda: mwalimu mwenyeji yupo pembeni, tunapokwama anatafsiri, tunaendelea. Kinachoninyima usingizi ni ziara.

Jumatatu nimekuta karatasi mezani. Nilipoomba nisomewe, nikaambiwa kwamba baada ya siku tisa tunawapeleka watoto 84, wa miaka 9 hadi 11, kwenye jumba la makumbusho. Kutoka hapo tunavuka ziwa kwa boti kwa nusu saa hivi na kumalizia kwenye shamba la mifugo. Mabasi ni mawili. Kuondoka saa 12 asubuhi, kurejea saa 12 jioni. Watu wazima tuko saba: mkuu wa msafara, ambaye hashiki kundi, na sisi sita, kila mmoja na watoto 14. Jina langu liko mbele ya kundi la nne. Sikuulizwa.

Lugha ya hapa naijua ya kusalimia, kuhesabu na kuuliza njia. Mtoto akilia siwezi kujua analilia nini. Je, ni kawaida mwalimu mgeni kuachiwa kundi peke yake? Nikikataa nitaonekana mvivu? Halafu mwalimu mkuu amesema kwa furaha kwamba siku hiyo watoto watajifunza Kiingereza kingi. Nimeandaa karatasi ya maswali 25, ila moyo unaniambia haitafanya kazi. Mkataba wangu unasema saa 40 kwa wiki na haugusi ziara kabisa. Na muhula ujao kuna nyingine, ya kulala usiku mbili. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Kundi la Nne

JIBU

Mwalimu wa Kundi la Nne,

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umeshapewa. Usichoonyeshwa ni mipaka ya shamba. Hilo ndilo la kushughulikia kwanza, kabla ya karatasi ya maswali na kabla ya mkataba.

Shule nyingi huenda ziara ileile, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Wenyeji wanajua choo kiko wapi, nani hubeba dawa, basi huegesha upande gani, kwa hiyo hakuna anayeyasema. Anapoingia mgeni, wenzake wanadhani amekwisha kuelezwa, naye anadhani kuna mtu mwingine ameyashika. Watoto nao wana dhana yao: wamekuzoea kama mwalimu wa nyimbo na michezo, hivyo siku ya kutembea nawe ni siku ya kukimbia. Vurugu nyingi za ziara huzaliwa katikati ya dhana hizo tatu, na hakuna aliyekusudia kukutwisha mzigo.

Mgeni kuandamana na watoto ni kawaida kabisa. Mgeni kuwa peke yake na kundi asiloweza kuzungumza nalo si utaratibu mzuri. Ila usiende kubishana kwa namba, maana hazitakubeba. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa 1998 ulipendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto 10 hadi 15 wa umri kama huo, kwa hiyo 14 imo ndani. Shirika la NSPCC la hukohuko, linaloshughulikia ulinzi wa watoto, linashauri mmoja kwa 8 kwa wenye miaka 9 hadi 12. Kwa kipimo hicho mngehitaji watu wazima 11. Kila nchi ina namba yake. Lakini namba zote hizo zinachukulia kwamba mtu mzima na mtoto wanaelewana, na hapo ndipo hoja yako ilipo.

Kwa hiyo usikatae ziara. Omba makundi yaunganishwe. Kundi la tatu na la nne yatembee pamoja: watoto 28, watu wazima wawili, mwenyeji na wewe. Uwiano ni uleule, orodha haibadiliki, hakuna gharama, na mkuu wa msafara haaibiki. Mwenyeji anakaa mbele, kwa sababu ndiye anayezungumza na mwelekezi wa makumbusho. Wewe unakaa mwisho. Mkiani ndiko mtoto anayefunga kamba ya kiatu anakobaki, ndiko wawili wanaosimama kutazama kitu wanakopotelea, na kazi ya huko inataka macho kuliko maneno. Watoto wako 14 wanabaki wako kwa kuhesabu. Ukipata tatizo la lugha, mwenzako yuko hatua 20 mbele.

Sasa kuhesabu. Hiki ndicho kitu ambacho mgeni anaweza kukifanya vizuri kuliko mwenyeji, kwa sababu hana lingine la kumsumbua akili. Hesabu kabla ya kupanda basi, hesabu tena wakiwa wamekaa, wakishashuka, kabla na baada ya choo, kabla ya kuacha chumba kimoja kwenda kingine, kabla ya boti na mkishuka. Kuhesabu vichwa kwa macho tu huharibika kwa njia mbili: watoto wanahamahama katikati ya hesabu, na mtoto wa shule nyingine, au wa kundi jirani, anaingia kwenye namba yako. Kuita namba nako kuna kasoro yake, maana rafiki humwitikia rafiki aliyekwenda kunywa maji. Tumia vyote viwili. Kila mtoto awe na namba yake, 1 hadi 14, na aitaje kwa Kiingereza kwa zamu. Wewe unamtazama usoni kila anayeitika. Zoezi hilo lifanyike darasani mara tatu kabla ya siku yenyewe, liwe la haraka, lisizidi sekunde 15. Kisha wapange wawiliwawili, na kila mmoja awe na jukumu moja: kujua mwenzake yuko wapi.

Namba ikipungua, simamisha kundi lote palepale. Hesabu upya mara moja. Muulize mwenzi wa yule asiyeonekana. Kama dakika mbili zimepita hujampata, piga simu kwa mkuu wa msafara. Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni mwalimu kuondoka mbio kumtafuta mmoja na kuwaacha kumi na watatu wamesimama peke yao; dakika kumi baadaye wanatafutwa watatu. Atafute mwenzako, kwa kuwa ndiye anayeweza kuuliza watu. Wewe linda waliobaki.

Kila mtoto avae kadi shingoni, iliyoandikwa kwa maandishi ya nchi hiyo: jina la shule na simu ya mkuu wa msafara. Jina la mtoto lisionekane kwa nje, kwa kuwa mtu asiyemjua akimwita kwa jina, mtoto humwamini. Wewe beba orodha ya karatasi yenye majina kwa herufi unazozisoma, picha, na kando ya kila jina kama kuna pumu, aleji, kifafa au dawa ya kumeza. Simu huishiwa chaji, karatasi haiishiwi.

Dawa zenyewe ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Pampu ya pumu au sindano ya adrenalini ya mtoto mwenye aleji kali huwekwa kwenye begi la huduma ya kwanza, begi linaachwa ndani ya basi, na basi linaenda kuegesha mbali. Inapohitajika, iko mwendo wa robo saa. Dawa ya dharura itembee na mtu mzima anayetembea na mtoto huyo. Kama mtoto huyo yuko kundi lako na hujafundishwa kutumia sindano hiyo (huchomwa upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo), omba ahamishiwe kwa aliyefundishwa. Huo si woga. Na dawa ya kawaida, hata ya kichwa, usimpe mtoto kwa uamuzi wako. Dawa hutolewa kwa idhini ya mzazi, na mtu aliyepangiwa.

Kariri sentensi saba za lugha yao, kwa matamshi yaliyosahihishwa na watoto wenyewe: simama, njoo hapa, usiguse, subiri, unaumwa wapi, mwenzako yuko wapi, mwite mwalimu. Zinatosha kwa sehemu kubwa ya siku. Jua pia namba ya dharura ya nchi uliyopo, na usiamini namba uliyokua nayo. Namba 112 nchi za Umoja wa Ulaya huita huduma zote. Korea Kusini namba hiyohiyo ni ya polisi, na gari la wagonjwa huitwa kwa 119, kama ilivyo Japani. China 119 ni zimamoto, gari la wagonjwa ni 120. Mtu anayepiga kwa mazoea anaweza kujikuta anazungumza na ofisi isiyo yake, kwa lugha asiyoijua.

Basi lina mambo mawili. Mikanda: kagua mmoja mmoja kabla halijang'oa magurudumu, kisha nawe ukae ufunge wako, hata kama utaombwa usimame na kipaza sauti uwachangamshe watoto. Kutapika: wenye tabia hiyo wakae mbele, watazame nje mbali, wasisome. Beba mifuko isiyovuja angalau sita kwa basi, karatasi laini, maji, na nguo moja ya akiba. Kwa sababu hiyohiyo usigawe karatasi ya Kiingereza ndani ya basi. Mchezo wa basini uwe wa macho na masikio: taja herufi, wao watafute nje kitu kinachoanza nayo.

Boti inahitaji umakini zaidi kuliko unavyodhani, hata ya nusu saa. Aprili 16, 2014, feri ya Sewol ilipozama Korea Kusini ikielekea kisiwa cha Jeju, watu 304 walikufa, na 250 kati yao walikuwa wanafunzi wa sekondari moja waliokuwa kwenye ziara ya shule. Abiria walikuwa wametangaziwa wabaki mahali walipo. Tangu hapo usalama wa ziara umekuwa jambo zito huko, na ukikutana na mwenyeji anayejaza fomu nyingi kuliko unavyoona inafaa, mwache ajaze. Kwako wewe: kabla hamjapanda uliza majaketi yako wapi na kama yapo ya saizi ya watoto, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto kichwani. Yavaliwe kabla ya kupanda. Mkishapanda, tazama ngazi na njia ya kutokea, kaa na kundi lako karibu nayo, na usikubali watoto wagawanywe ghorofa mbili ilhali mtu mzima ni mmoja. Tangazo likitolewa na hukulielewa, muulize mwenzako papo hapo limesema nini. Usingoje kuona wengine wanafanya nini.

Shambani, sabuni. Wanyama hubeba vijidudu kama E. coli O157, ambavyo hutoka kwenye kinyesi cha ng'ombe na kondoo na vinaweza kumwangusha mtoto vibaya. Jeli ya mikono haichukui nafasi ya sabuni na maji yanayotiririka, hasa mikono ikiwa na uchafu. Hapa ratiba ndiyo hukosea. Watoto 84, mabomba sita, dakika moja kila mtoto pamoja na kukausha: hizo ni dakika 14, na hatujahesabu foleni ya choo. Ratiba ikiwa imeweka dakika tano kati ya wanyama na chakula, kuna watakaokula bila kunawa. Mwulize mkuu wa msafara swali hilo moja, shamba lina mabomba mangapi, na utaona anachukua kalamu.

Tuje kwenye Kiingereza. Moyo wako uko sahihi: ile karatasi ya maswali 25 iweke kando. Karatasi ndefu kwenye makumbusho huwafanya watoto wakimbilie vibao, wanakili maneno, wapite bila kukitazama kitu chenyewe. Vibao vya Kiingereza vikiwepo, huwa vimeandikwa kwa watu wazima, lugha iko juu ya kichwa cha mtoto wa miaka kumi. Chukua nusu ya karatasi ya kawaida, kazi nne basi, ubao mgumu wa kuandikia na penseli iliyofungwa kwa uzi. Makumbusho mengi hayaruhusu kalamu ya wino karibu na vitu vyake, na wakikunyang'anyeni kalamu mlangoni kazi yote imekufa. Kazi zenyewe ziwe zile zisizonakilika: hesabu, linganisha, chora, chagua. "Find something older than your school" ni bora kuliko kuuliza kitu fulani ni cha mwaka gani, kwa sababu mtoto analazimika kutazama vitu kadhaa kabla hajaandika neno.

Acha mahali pachague sarufi. Shambani wanyama wako kazini mbele ya macho yao, kwa hiyo fundisha tendo linaloendelea: "The goat is eating my paper." Makumbusho ni wakati uliopita, na "people used it for" inabeba nusu ya vitu vyote vya humo. Kama siku nyingine mtapelekwa kiwandani, hapo ndipo kauli ya kutendwa inapopata maana, maana kitu kinapashwa moto, kinakatwa, kinafungashwa na hakuna anayejali nani. Ila ufundishe kabla, humo ndani mashine hazitakuacha usikike. Wiki moja kabla, maneno 10 hadi 12 na miundo miwili ya sentensi. Zaidi ya hapo hayasafiri na mtoto.

Na hapa tuseme jambo ambalo walimu wengi wageni hulionea aibu bure. Mwelekezi atazungumza saa nzima kwa lugha ya hapo, nawe hutaelewa kitu. Wengi husimama nyuma wakitabasamu na kusubiri iishe. Lakini fikiria darasani: kila unapomuuliza mtoto "What is this?" huku umeshika picha ya paka, anajua kwamba unajua. Makumbusho ni mahali pekee ambapo hujui kweli, naye anajua kweli. Kutojua kwako ni mtaji. Wape zamu: kila chumba, watoto watatu ndio wakalimani wako, wana dakika mbili kukueleza kwa Kiingereza chochote mwelekezi alichosema. Watakwama, watachora hewani, watabishana wao kwa wao juu ya neno, watatumia mikono. Usiwasahihishe. Uliza swali la pili, la kweli, kuhusu kitu ambacho hukukielewa. Mwombe mwalimu mwenyeji akudokeze mapema mambo matatu makubwa ya kila chumba, ili ujue wakikupotosha kabisa. Basi, usimwombe zaidi, utaharibu mchezo.

Shule nyingine hupenda kuwatuma watoto kuwahoji watalii kwa Kiingereza. Japani ni jambo la kawaida kwa wanafunzi walio ziarani Kyoto, Nara au Hiroshima. Likija kwenu, watoto watatu kwa mtu mmoja, maswali matatu, kwanza ombi la ruhusa, na mtu akikataa wanasema asante na kuondoka. Bila mpango, watoto 28 humzunguka mtalii mmoja ambaye mara nyingi Kiingereza si lugha yake pia. Mtu mzima awe anaonekana, na watoto wasitoe majina kamili wala anwani.

Mkirudi, kipindi kimoja kinatosha: sentensi mbili za kweli na moja ya uongo kuhusu ziara, wenzao waitambue ya uongo, kisha barua ya shukrani ya mistari mitano kwa shamba. Picha zitoke kwenye kamera ya shule. Za simu yako usizipandishe popote, hata kundi la ndugu nyumbani. Idhini ya mzazi ni ya shule, si yako.

Kuhusu saa zako. Siku ya saa 12 ndani ya mkataba wa saa 40 ni zaidi ya robo ya wiki, na mkataba ukikaa kimya, kimya hicho hujazwa na mazoea ya shule. Uliza kabla, kamwe si baada. Anayeuliza kabla anapanga, anayeuliza baada anadai, hata kama maneno ni yaleyale. Swali liwe la kiutaratibu: siku hiyo inahesabiwaje, saa za ziada au siku ya mapumziko? Kiingilio na chakula hulipwa na nani? Bima yangu ya ajali kazini inanifuata nje ya eneo la shule? Hilo la mwisho lipate jibu la maandishi. Na wewe msomaji mwingine, kama uko kituo binafsi cha lugha na si shule ya serikali, bana zaidi, kwani huko si ajabu kukuta watoto 20 na mtu mzima mmoja, na huyo mmoja ni wewe. Hapo kukataa ni halali.

Ziara ya kulala ni habari nyingine, nayo iulizie sasa. Chumba chako kiwe mbali na vya watoto lakini ghorofa moja nao, usilale na watoto, usiingie chumba chao peke yako. Gonga, ngoja, mwite mwenzako. Bafu na vyumba vya kubadilishia nguo si mahali pako. Chooni peleka watatu, simama nje mlangoni. Usimpakie mtoto kwenye gari lako wala kumpa namba yako binafsi. Zamu ya usiku iwe ya wawili na iandikwe nani wa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, la sivyo mgeni asiyeweza kubisha ndiye hukesha usiku zote mbili. Penye desturi ya walimu kukaa kunywa baada ya watoto kulala, aliye zamu hanywi, na hilo usilainishe. Beba kitambulisho cha ukaazi na pasipoti, hoteli huvitaka kwa wageni. Na kama ziara inavuka mpaka, tazama viza yako kabla hujasema ndiyo: viza ya kuingia mara moja inaweza kufa pale unapotoka, ukarudi na watoto hadi mpakani wao wakapita, wewe ukabaki.

Zimebaki siku chache, kwa hiyo andika leo. Mwombe mwalimu mwenyeji aliye karibu nawe aliweke kwa lugha yao, kwa adabu za huko, umtumie mkuu wa msafara:

"Mwalimu, asante kwa kunishirikisha kwenye ziara. Ili niwatunze watoto vizuri, naomba kundi la tatu na la nne yatembee pamoja. Nitakaa nyuma na nitahesabu 14 wangu kila kituo. Naomba orodha ya kundi langu yenye picha na wenye aleji au pumu, na nijulishwe nani atabeba dawa zao. Naomba pia kujua mpango wa mvua ikinyesha, majaketi ya watoto kwenye boti, na idadi ya mabomba ya kunawia shambani. Kuhusu saa za siku hiyo, naweza kuja ofisini kesho baada ya kipindi cha mwisho?"